Moyo Mwekundu Chini ya Bei ya Maharagi

Wewe unayeanza kutusoma leo, vuta kiti tu. Mikosi ya Claudine ni mingi, aliyewahi na aliyechelewa wote watashiba.

Kwa ufupi basi. Mumewe, Symphorien, alipoteza kazi ya udereva, nyumba kubwa ikawashinda, wakahamia vyumba viwili huku mtaa wa Hewa Bora. Mama mkwe, Mama Josée, akaja kuwasalimia, na mpaka leo bado anasalimia. Kisha Symphorien akaenda Kambove kuchimba na wachimbaji wa mikono. Juma lililopita akatuma sauti kusema jiwe limemwangukia, mguu umevunjika, wasihangaike kumfuata, anatibiwa hukohuko.

Tulimwacha Claudine uani anamwogesha binti yake Keren. Simu yake aliiacha juu ya friji, na wifi yake Séphora akaichukua.

Sasa sikilizeni kelele.

“Mama! Kuya uone! Bibi ya kaka yangu anatumaka ba coeur, mioyo, kwa bwana ya bantu!”

Claudine aliingia na povu mikononi. Hakukimbia. Siku hizi hakimbii, hata sufuria ikiungua anaiendea kwa mwendo uleule.

“Huyu Kasereka ni nani?” Séphora aliuliza, ameinua simu juu ili isifikiwe.

“Ni grossiste, muuza wa jumla. Njo yeye ananiuzishaka maharagi. Jana ulikula maharagi yake, ukaongeza.”

“Na hizi ba coeur? Kila asubuyi coeur, coeur, coeur. Na ni rouge!”

Hapa inabidi tuseme neno kuhusu Claudine na simu yake, maana bila hilo mtamhukumu bure kama Séphora.

Kuna watu wanaishi ndani ya simu. Séphora mwenyewe hawezi kugusa sahani kabla hajaipiga picha, na anajua kwa majina nani ameona statut yake na nani ameipita bila salamu. Claudine si wa hivyo. Tangu apate simu hajaweka statut hata moja. Penye picha yake pana ua, lile lile alilolikuta humo siku simu iliponunuliwa. Alama za buluu amezizima, asije mtu akamwuliza mbona umesoma na hujibu. Picha za Keren haweki popote, hataki macho ya watu juu ya mtoto.

Kuandika kunamchosha. Kurekodi sauti anaona haya, anasema sauti yake humo inafanana na ya mtu aliyekatazwa kulia. Basi alijitafutia njia ya mkato. Kila ujumbe unaoingia, uwe wa nani, anaubandika moyo mwekundu, anarudisha simu juu ya friji. Kwake yeye ule moyo una maana moja: nimeona, sasa niacheni.

“Mi natumaka coeur kwa bantu bote,” Claudine alisema. “Lete nikuonyeshe.”

Akaifungua simu mbele yao. Moyo kwenye tangazo la kwaya. Moyo kwa jirani aliyepotelewa na mbuzi. Moyo, Mungu amsamehe, chini ya tangazo la kifo cha babu wa mwalimu wa Keren. Na chini kidogo, moyo mwingine, mkubwa, mwekundu, kwenye sauti ya Mama Josée mwenyewe.

Mama Josée alisogeza uso karibu na kioo. “Hii ni audio yangu ya jino.”

“Ndiyo, Mama.”

“Jino inaniuma mpaka nalia, nakuambia ulete dawa, weye unanitumia coeur?”

“Ni kusema nilisikia, Mama. Na dawa nilileta.”

“Donc basi mi na muuza maharagi tuko sawasawa.”

Siku nyingine Claudine angecheka. Aliona tu kwamba ametaka kujitoa shimoni na amezidi kulichimba.

Mama Josée akaketi. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akakaa kimya muda mrefu. Kimya cha mwanamke yule kinaogopwa kuliko maneno yake, na maneno yake mmekwisha kuyasoma majuma yote haya.

“Muguu,” alisema mwishowe.

“Muguu gani, Mama?”

“Muguu ya mutoto yangu. Nilikuwa najiuliza, bantu beko bengi mule mu shimo, jiwe inaacha bote, inaangukia yeye tu. Juu ya nini? Kumbe sababu iko hapa mu nyumba, inatuma ba coeur.” Akamwinulia Claudine kidole. “Tshibawu.”

Séphora aliziba mdomo. Hata yeye hakutaka mambo yafike huko.

Kwa msomaji asiye wa Kasai, kwao Symphorien, hilo ni neno zito. Mke aliyeolewa kwa desturi yao hafichi jambo na mwanamume mwingine, hata zawadi ndogo, hata mkono ulioshikwa kidogo kupita salamu. Akificha, balaa haimpati yeye. Inampata mume, au mtoto. Dawa yake ni kutonda, yaani kusema yote bila kubakiza, mbele ya wanawake wakubwa wa familia, kisha asafishwe.

Claudine si mtoto wa Kasai. Baba yake, mzee Mukuka, ni Mubemba, anakaa Kipushi. Siku ya mahari shangazi za Symphorien walimweleza mambo yote hayo kwa mchana mmoja, naye aliitikia kila sharti huku akiwaza viatu vilivyokuwa vinambana. Kosa lake kubwa labda ni hilo.

“Mama, coeur ya telefone haiko kintu.”

“Ni rangi gani?”

“Rouge. Lakini…”

“Basi.” Mama Josée akasimama. “Nitaita Christiane. Siku ya posho utatonda. Ukikataa, unarudia kwa baba yako Kipushi. Na Keren atabakia. Mutoto ni wa hapa.”

Mlangoni alikuwa amesimama Keren, uchi, povu masikioni, anatetemeka kwa baridi kwa sababu maji yalikuwa yamesahaulika. Claudine alimfunika taulo, akambeba. Aliogopa. Alijua mama mkwe hatishii bure, na alijua Symphorien, akiwa mzima, hajawahi kumwambia mama yake hapana. Na kwa siri, ndani kabisa, aliogopa kitu kingine, kwamba huenda Mama Josée ana haki. Hilo tutalifikia.

Jumamosi, ile siku ya posho, ikafika. Tantine Christiane, shangazi wa Symphorien, ndiye familia humwita kwa mambo kama haya. Ni mwanamke mnene, mwenye miwani, muuza vitenge, na hana papara. Aliingia na mkeka chini ya kwapa, kuku mweupe mkononi, na chaja shingoni.

“Courant iko?” ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

“Iko, Tantine. Inaenda inarudia.”

“Basi tuchape mbio.” Akachomeka simu yake ukutani, akatandika mkeka chini yake, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza. “Claudine, ikala hapa. Josée, weye kule. Séphora, funga kinywa.”

Zamani wanawake wakubwa walikuwa wanakaa duara chumbani. Leo mmoja yuko Mbuji-Mayi, mwingine Kananga, na wa tatu yuko Ubelgiji, analalamika baridi kila akifungua mdomo. Kwa hiyo familia ilikubaliana kwamba mambo yote, harusi, misiba, hata kutonda, yapitie groupe yao ya WhatsApp, “Bana ba Kaku”, yaani watoto wa bibi. Symphorien naye yumo. Tantine Christiane alikwisha kuongoza mambo haya humo zaidi ya mara moja, na kanuni zake anazijua bila kusita.

“Hakuna kuandika,” alisema. “Kuandika, muntu mwingine anaweza kukuandikia. Sauti ni yako. Unasema yote mu audio moya, hapana kukatakata. Hapana kufuta. Na hakuna muntu atajibu mbele ya bwana yako. Yeye njo anajibu wa kwanza, aseme kama anapokea. Tumesikilizana?”

“Ndiyo, Tantine.”

Claudine alikuwa amejipangia. Ataitaja ile mioyo, ataomba msamaha, atapakwa anachopakwa, kisha ataingia jikoni kumpika huyo kuku. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angekubali kosa la jirani, mradi jioni afunge mlango na Keren alale ubavuni mwake.

“Huyu Kasereka,” Tantine alianza, “alisha kukupatia kintu? Kitenge? Mafuta? Hata unité ya telefone?”

“Hapana. Maharagi nalipaka.”

“Alishika mukono yako?”

“Nilimuonaka mara moya tu, kule kwa depot yake. Na alikuwa amenipatia mugongo, anasemesha bachauffeur. Maharagi inaletwaka na bantu ya kusukuma pousse-pousse.”

“Donc ni ba coeur tu.”

“Ni ba coeur tu.”

Tantine alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge. “Josée, coeur haiko kintu. Mi, ule muntu wa kutengeneza televizyo ananitumiaka ba coeur, anaongeza na ba maua. Na bwana yangu eko muzima, anakula vizuri.”

“Ya rangi gani?”

“Josée!”

“Mi nauliza tu.”

“Nilikuya hapa na kuku, nimelipa taxi, juu ya kidole ya muntu kwa telefone?” Tantine aliongeza sauti. Claudine akamtazama kuku aliyefungwa mezani. Yameisha, alijiambia. Asante Mungu, yameisha.

Hayakuisha.

“Mais,” Tantine akasema, akarudisha miwani machoni, “mi sirudiake mbele ya kuuliza mara ya mwisho. Na unisikie muzuri, Claudine. Kunyamaza ni kubaya. Kutonda bongo, kusema uongo, ni kubaya zaidi, maana sasa unamubongopea mufu na muzima. Huyu bwana anatumaka ba audio. Weye, ba audio yake, unafanyaka nayo nini?”

Claudine alishika ukingo wa mkeka, akaanza kuvuta nyuzi zake.

Sasa tuseme lile tuliloliahidi.

Bei ya maharagi Kasereka huituma kwenye groupe ya wateja wake wote, asubuhi, mara moja. Claudine yumo humo, bei anaipata kama wengine. Lakini baada ya hapo, kitambo kidogo, huingia sauti nyingine, kwake peke yake. Ni sauti ya polepole, ile ya Wanande wa Butembo, isiyo na haraka. “Mama Keren, mumeamuka? Leo maharagi ya njano imekuya muzuri. Mutoto wenu eko aje? Mupumzike kidogo leo, Mama Keren, jua itakuwa kali.” Basi. Hakuna zaidi. Ukiipeleka mbele ya hakimu atakurudisha nyumbani.

Claudine, ambaye hahifadhi kitu kwenye simu, ambaye hata picha za harusi yake zilifutika hakujali, kila sauti ile anaiwekea nyota isipotee. Asubuhi, anapowasha makaa kwenye jiko la mbabula, hubana simu sikioni mtu asisikie, anasikiliza ya leo. Kisha anasikiliza ya jana. Na siku ambazo Mama Josée ameanza mapema, anarudi mpaka za mwezi uliopita.

Hampendi Kasereka. Sura yake haijui. Lakini katika siku nzima ya nipe, leta, fua, mbona chumvi, ile ndiyo sauti pekee inayomwuliza ameamkaje na kungoja jibu. Na yeye anajua, ndiyo, anajua vizuri, kwamba mwanamume hapotezi pumzi yake kila asubuhi kumwambia mteja wa maharagi apumzike.

“Claudine?” Tantine Christiane aliita. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Mutoto, unalia?”

“Hapana, Tantine. Nimechoka tu.”

“Sema.”

“Nikisema, mutaniondoa hapa.”

“Pengine. Mi sitakubongopea.”

“Na nikinyamaza?”

 Tantine alimtazama Mama Josée, na Mama Josée alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, anauombea mguu wa mwanawe. Machozi yalikuwa yanamdondoka kweli. Mwanamke yule ni mkali, lakini mwanawe anampenda, na Claudine aliyaona machozi yale yakamshinda. Angekuwa anajifanya, ingekuwa rahisi.

Claudine alinyoosha mkono, akaichomoa simu ya Tantine ukutani. Akafungua “Bana ba Kaku”. Akabonyeza alama ya kurekodi, yeye ambaye hajawahi kuibonyeza mbele ya watu.

“Ba tantine, ni mi Claudine. Symphorien, ni mi. Ile ba coeur banasema, haiko kintu, mi natumaka kwa bantu bote, munayua. Lakini kiko kintu kingine. Huyu bwana Kasereka ananiamushaka na audio. Ananiuliza niliamuka aje. Anasema nipumzike. Haniguse, hanipatie kintu, sura yake siyui. Lakini mi nachungaka ba audio yake. Naisikilizaka mara mbili, mara tatu. Ile audio ikichelewa, naangaliaka telefone kila saa. Siku moya haikukuya, nikakuwa na hasira na mutoto bure. Njo hivyo. Siyui kama ni tshibawu. Lakini nilikuwa naificha, na kintu ya kuificha muntu anaiyua mwenyewe. Symphorien, kama muguu yako ni juu yangu, unisamehe. Nimechoka. Niko nasema kweli, nimechoka sana.”

Akaachia kidole. Sauti ikaenda.

  Watu wa groupe, wanaojibu hata picha ya keki kwa makofi na vigelegele, leo walisikiliza mmoja mmoja na kukaa kimya, kama kanuni ilivyotaka. Tantine Christiane aliichukua tena simu yake, akaiangalia. “Wa Mbuji-Mayi amesikia. Wa Kananga amesikia. Wa Bulaya naye.” Akavuta simu karibu zaidi. “Symphorien amesikia.”

Wakangoja Symphorien ajibu.

Hakujibu.

“Nilisema, Christiane!” Mama Josée alipasuka. “Mulinicheka na rangi, nilisema! Mutoto yangu alivunjika juu ya sauti ya Munande wa maharagi!” Akamgeukia Claudine. “Beba bintu yako. Mbele bwana yako apokee, hulale mu nyumba yake, hushike chakula ya mutoto wake.”

“Tantine,” Claudine alisema.

Tantine Christiane aliangalia chini. “Njo desturi, mutoto. Mpaka apokee. Kama hapokee…”

Claudine hakubishana. Nguvu za kubishana alikuwa ameziacha ndani ya ile audio. Alichukua mfuko wa plastiki wenye zipu, ule wa soko, akatia kitenge, gauni, kitana. Keren alimfuata chumbani, akamshika sketi.

“Mama, tunaenda wapi?”

“Mi njo naenda. Weye unabakia kidogo na Kaku.”

“Kidogo namna gani?”

“Kidogo.”

Keren hakulia. Alikwenda akaleta viatu vyake vya kanisani, akavitia kwenye mfuko wa mama yake, juu ya kitenge, akakaa juu ya kitanda kungoja. Claudine alivitoa. Keren akavirudisha. Hapo ndipo Claudine aliposhindwa, akapiga magoti akamficha mtoto uso kifuani ili asimwone anavyolia.

Kule sebuleni simu ya Mama Josée ikaita.

“Symphorien! Ni Symphorien!” Séphora alipiga kelele.

Claudine alitoka na mfuko wake, mtoto kiunoni. Alitaka kusikia hukumu akiwa amesimama.

“Mama, weka haut-parleur, sauti itoke inje,” ilikuwa sauti ya Symphorien. “Claudine eko?”

“Eko, anafunga bintu. Mutoto yangu, muguu…”

“Mama, musimufukuze.”

“Ulisikia audio yake?”

“Nilisikia. Mara mbili. Mama, haiko yeye. Muguu haiko juu yake.”

“Ni juu ya nani basi? Mi mama yako nakuambia…”

“Muguu iko muzima, Mama.”

Mama Josée aliitazama simu. “Docteur aliiponesha?”

“Hakuna docteur. Hakuna jiwe. Sikuvunjika kintu.” Alikohoa. “Siko hata Kambove. Nilifanya kule juma moya, nikashindwa, nikatoka. Niko Kasomeno. Niko nachunga depot ya bunga ya mahindi.”

“Kasomeno,” Tantine Christiane alirudia, polepole. “Tangu siku gani?”

“Ni siku nyingi, Tantine. Mulikuwa munaniuliza nitarudia lini, nitarudia lini. Ningesema nini? Nikasema muguu.”

Juma zima nyumba ile ilikuwa imefunga kula kwa ajili ya mguu ule. Mama Josée na Claudine, ambao hawakubaliani hata juu ya chumvi, walikuwa wanapiga magoti bega kwa bega asubuhi kuuombea. Keren alikuwa anauchora, mguu mmoja mkubwa wenye bandeji, na kuubandika ukutani.

“Juu ya nini usirudie, Symphorien?” Claudine aliuliza. Hakupaza sauti. “Kama muguu iko muzima, Kasomeno haiko mbali. Juu ya nini?”

 Simu ndiyo iliyojibu kwa niaba ya Symphorien. Nyuma yake, karibu sana, mtoto mchanga alianza kulia, kile kilio chembamba cha mtoto ambaye shingo yake bado haijakaza. Na mwanamke akambembeleza, taratibu, kwa mazoea.

“Basi, basi. Nyamaza, papa anaongea.”

Hakuna mtu chumbani ambaye hakusikia. Séphora alikalia kuku karibu amwue. Mama Josée alinyoosha mkono kuikata simu, na Tantine Christiane akamdaka kifundo cha mkono, akakishika.

“Acha.”

“Christiane, ni mutoto yangu.”

“Nayua. Acha.” Kisha Tantine akaugeukia mkeka wake, akatikisa kichwa. “Mi nayua kuuliza mwanamuke tu. Kwa mwanaume desturi haikunipatia swali. Siyui namna ya kumuuliza.”

“Mi nayua,” Claudine alisema.

Akamweka Keren chini. Mfuko hakuuweka. Akainamia simu ya mama mkwe wake, mdomo karibu, aongee mara moja tu na asikike.

“Symphorien. Audio yangu ulisikia yote, mara mbili. Ba tantine bote balisikia. Sasa na weye tuma yako. Mu groupe, kule kwenye mi nilituma. Usiandike. Rekodi, mu audio moya, na hapana kufuta. Unaanza na jina ya ule mutoto.”

“Claudine, tafazali, tuongee sisi babili…”

“Mi niliongea na bantu bote.”

Akakata yeye mwenyewe.

Tantine Christiane alishika simu yake kwa mikono miwili, ameifungua kwenye “Bana ba Kaku”. Juu kabisa, chini ya jina la groupe, paliandikwa kwamba Symphorien anarekodi. Maneno yakatoweka. Yakarudi. Yakakaa muda mrefu.

 Ndipo Mama Josée, askari wa nyumba ile, aliposhuka mpaka chini, akaketi kwenye mkeka, palepale alipokuwa ameketi Claudine. Akashika upindo wa sketi ya mkwewe.

“Claudine, mutoto yangu,” alisema, na tangu ndoa hakuwahi kumwita hivyo. “Nakuomba. Tutaongea sisi hapa, utabakia, Keren atabakia, hakuna muntu atakugusa. Lakini bale ba Mbuji-Mayi bakisikia, mi niko mufu. Umuambie afute. Akikusikia weye, atafuta.”

Sauti ya Symphorien ilikuwa imekwisha kuingia. Ilikuwa ndefu. Shangazi wa Mbuji-Mayi alikuwa bado hajaifungua, wala wa Kananga. Tantine Christiane alimnyooshea Claudine simu, aamue yeye, na Claudine akaipokea kwa mkono uliobaki, mfuko bado begani, mama mkwe bado ameng'ang'ania sketi, na Keren anamwuliza kama sasa wanaweza kwenda.